Emiliana Alitaka Tuongee Pembeni

Mwezi uliopita mliponiita pale Nangara nije niongee nanyi mnaoanza kazi ya kulea klabu za wasichana, mlinipa kiti chenye mto, soda baridi na saa nzima. Saa hiyo niliitumia vibaya. Niliwachekesha, mkapiga makofi, nikapanda bajaji kurudi kwangu Bonga nikiwa na aibu ambayo ninyi hamkuiona. Binti mmoja kati yenu alikuwa ameniuliza, "Mama, katika miaka yote hiyo, ni kosa gani unalijutia mpaka leo?" Nikamjibu kwamba makosa ni mengi na kazi ni shule, halafu nikageukia mwingine aliyenyoosha mkono. Yule binti aliuliza vizuri. Mimi ndiye niliyekimbia, na ndiyo maana sasa nimekaa mezani naandika.

Wengi wenu mnanijua kwa jina la Mama Neema. Nilikuja Babati kutoka Singida nikimfuata mume wangu, fundi umeme, nikiwa bado kijana kama ninyi. Kazi ya wasichana niliipata kwa bahati, kupitia kashirika kadogo ambako sasa hakapo tena, nikaifanya mpaka magoti yakakataa. Chumba chetu kilikuwa ghala la zamani la mbaazi. Hata baada ya kupiga rangi mara mbili, mvua ikinyesha harufu ya mbaazi ilirudi, na wasichana walikuwa wakisema wakitoka klabu wanatamani kula.

Kila Jumamosi asubuhi walikuja kama thelathini, wa darasa la saba mpaka kidato cha pili. Wengine walitoka mjini hapo hapo, watoto wa wenye maduka na watumishi wa ofisini. Wengine walitoka Bonga, Nangara na Mutuka, watoto wa wakulima, viatu vikiwa vimejaa udongo mwekundu. Tuliwafundisha kusimama mbele za watu na kutaja jina bila kuziba mdomo kwa kiganja. Tuliwafundisha kutoa hoja, kukataa jambo, kusikiliza mwenzako mpaka amalize, na kugombana bila kutukana mama wa mtu. Kazi hiyo ina faida, msije mkadhani naikana. Nimewaona watoto waliokuwa wakijificha nyuma ya wenzao wakawa viranja, wauguzi, wafanyabiashara. Nimewaona wakitembea tofauti.

Lakini tulianza bila kujua tunachofanya. Mwanzoni alikuja mwezeshaji mmoja kutoka mji mkubwa, kijana nadhifu, akatufundisha kwamba mtu anayejiamini humtazama mwenzake machoni. Tukalishika hilo kama amri. Jumamosi nzima wasichana walikaa wawiliwawili wakitazamana mpaka machozi yakawatoka. Wiki iliyofuata akaja babu mmoja wa Nangara, amevaa koti lake la ibada na fimbo mkononi. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Akasema polepole, kwa Kiswahili cha mtu aliyekulia lugha nyingine milimani huko Mbulu, "Mwalimu, mjukuu wangu ananitazama kama askari. Nikila ananitazama. Nikiomba maji ananitazama. Nimekuja kuuliza, mimi nimekosa nini?"

Nilimwomba radhi. Tangu siku hiyo tukawafundisha wasichana kwamba macho yana mahali pake: kwa mwenye duka sawa, kwa kondakta anayekuzungusha sawa, kwa babu yako inua macho kidogo umjibu vizuri, kisha yarudishe. Jifunzeni hilo mapema. Ujasiri usiojua uko nyumbani kwa nani unamrudishia mtoto fimbo.

Zoezi tulilolibuni wenyewe lilikuwa bora kuliko yote yaliyokuja na vitabu. Tuliwatuma sokoni kurudisha kitu kibovu. Unampa msichana nyanya tatu zilizooza chini, alizouziwa jana yake, unamwambia aende akabadilishiwe bila kulia na bila kutukana. Wengi waliniambia ni zoezi gumu kuliko mtihani wa hesabu. Jackline wa Bonga, ambaye hakuhitaji kufundishwa kusema maana alizaliwa anasema, alirudi na nyanya tano, kitunguu kimoja, na mama muuza nyanya mwenyewe, aliyekuja kutuuliza mtoto huyu ni wa nani. Tulicheka wiki nzima. Yule mama baadaye alituletea binti yake.

Sasa mnaona jinsi ninavyopenda kuwasimulia habari za Jackline. Ndivyo nilivyofanya siku ile Nangara. Watu kama mimi tunapenda kusimulia watoto waliopiga kelele, kwa sababu hao tunaona walipofikia. Emiliana hakupiga kelele.

Kabla sijamfikia, lazima nieleze sheria moja niliyoitunga mwenyewe. Mwaka wa pili wa klabu tulipata taabu ya majungu. Msichana mmoja akinivuta pembeni kuniambia jambo, wenzake wanaamini wanasemwa. Jumamosi inayofuata hawasalimiani. Mara mbili zilipigwa ngumi nyuma ya choo. Nilichoka. Nikachukua karatasi kubwa ya manila, nikaandika kwa kalamu nene: HAKUNA PEMBENI. LINALOSEMWA LINASEMWA KWENYE DUARA. Nikaibandika ukutani. Majungu yakapungua kweli. Wageni walipokuja waliisoma wakaipiga picha, nami nikasimama kando yake nikitabasamu. Nilijiona nimegundua dawa.

Mtu mmoja tu hakuipenda. Alikuwa mpishi wetu, Mama Tarmo, mwanamke mtu mzima aliyeteremka kutoka milima ya Mbulu zamani, akalima Mutuka, akafiwa na mume, akaja kutupikia uji na maharage. Hakuwa na cheti cha chochote. Alikaa mlangoni mwa jiko na ungo mapajani akichagua maharage, na kila nilipopita nilikuta msichana mmoja au wawili wamechuchumaa wakichagua naye, wakiongea huku wameinama. Niliwahi kumwambia, "Mama Tarmo, unanivunjia sheria." Akajibu, "Sisi hatuongei, tunachagua maharage." Nikacheka, nikaenda zangu. Sikuuliza anayasikia mambo gani pale.

Emiliana alikuja akiwa kidato cha pili. Alitembea kutoka Mutuka kila Jumamosi na alifika kabla ya wale wanaokaa mtaa wa pili. Alikuwa mwembamba, na sweta lake la shule alilivaa hata jua likiwa kali. Mara ya kwanza alikuja na baba yake. Yule mzee alivua kofia, tukasalimiana, akauliza nimetoka wapi, nikasema Singida, tukaongea habari za alizeti na za mvua kwa muda mrefu. Akasema, "Basi mtoto yuko mahali pazuri," akaondoka. Kukutana kwetu kulikuwa huko tu. Mimi nilisahau upesi.

Ndani ya duara Emiliana hakusema. Lakini leo nikikumbuka vizuri naona alichokuwa akifanya. Msichana akija amenuna, Emiliana alihama akakaa kando yake. Wawili wakigombana, alijikuta amekaa katikati yao, kama vile alikosea nafasi. Mtoto mpya akisahau jina la mwenzake, Emiliana alilitaja jina hilo ndani ya maneno mengine ili mgeni asiaibike. Huo ndio ujuzi wa kuishi na watu tuliokuwa tukitafuta kuufundisha kwa vitabu na picha. Alikuwa nao tayari. Mimi nilikuwa na fomu ya kujaza kila baada ya miezi mitatu, na fomu ilikuwa na kisanduku kilichosema "anaongea mbele ya kundi". Nikaweka alama ya hapana. Chini nikaandika kwa mkono wangu: hajiamini.

Ilikuwa baada ya likizo ya Septemba ndipo aliponijia mara ya kwanza. Tulikuwa tumemaliza, wenzake wanaosha vikombe bombani. Akasimama mbele yangu.

"Mwalimu, naomba dakika moja tuongee."

"Ongea, Emiliana."

Akatazama nyuma, waliko wenzake. "Naomba pembeni."

Nilimwonyesha ukuta kwa kidole, nikicheka. "Unajua sheria yetu. Jumamosi ijayo wewe ndiye utakayeanza kwenye duara. Umesikia?"

"Ndiyo, mwalimu."

Nilifurahi. Nilidhani nimempa nafasi. Wiki nzima niliona nimepata njia ya kumtoa yule mtoto kwenye ganda lake.

Jumamosi ikafika. Nikatangaza kwamba leo Emiliana ana neno. Wasichana thelathini wakamgeukia. Akasimama, akashika pindo la sweta kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Naitwa Emiliana. Natoka Mutuka. Nashukuru kwa kunikaribisha." Akakaa.

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote. Kwenye fomu nikabadilisha alama.

Mara ya mwisho ilikuwa Jumamosi ya kufunga mwaka, shule zikielekea likizo ndefu. Tulikuwa na wageni. Nilikuwa nahangaika na viti, na meza ambayo mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, na Jackline aliyekuwa amepoteza karatasi ya shairi lake. Mama Tarmo akanifuata, mikono imejaa unga.

"Yule mtoto wa Mutuka ana neno tumboni," akasema. "Nimemwambia aniambie mimi, amekataa. Anasema ni la mwalimu. Toka nje umsikilize."

"Mama Tarmo, nikitoka kwa mmoja watatoka wote."

"Basi watoke wote."

Nilikasirika kidogo. Nilitoka mpaka kizingitini tu, nusu ya mwili ndani, nusu nje. Emiliana alikuwa amesimama kwenye jua.

"Emiliana, wageni wamefika. Andika kwenye karatasi, uniachie mezani, nitasoma. Sawa?"

Alinitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayepima kama mto unavukika.

"Haya, mwalimu," akasema. "Asante."

Sherehe ilikwenda vizuri. Jioni nilipopanga meza sikukuta karatasi yoyote. Nikasema moyoni kwamba kama lingekuwa jambo kubwa angeandika.

Januari shule zilipofunguliwa hakuja. Jumamosi ya kwanza nikadhani ana malaria. Ya pili nikadhani wanalima. Ya tatu nilikodi pikipiki nikaenda Mutuka. Nilimkuta mama yake uani anaanika mahindi. Tulisalimiana vizuri. Nikauliza habari za Emiliana.

"Ameenda kwa mjomba wake, upande wa Kiteto," akasema. "Atasoma huko."

"Shule gani, mama?"

Akaendelea kutandaza mahindi kwa mguu, polepole, akiyasawazisha mahali palipokuwa tayari sawa. "Baba yake ndiye anayejua."

"Mama Emiliana."

Hapo akasimama. Hakulia. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Mwalimu, mimi sina neno la kukuambia. Mtoto alisema atakuambia wewe."

Nilirudi mjini sijui dereva alipita njia gani. Baadaye habari zikaja vipande vipande, kupitia wasichana wa Mutuka. Alikuwa ameozwa Desemba, kwa mtu mzima wa huko Kiteto aliyefahamiana na mjomba. Nilikwenda ofisi ya ustawi wa jamii, nikaandika barua, nikafuatilia, nikapiga kelele kwa ujasiri wote niliokuwa nikiwafundisha watoto. Ilichukua miezi. Hatimaye alitumwa mtumishi mmoja kijana kwenda kumwona. Aliporudi akanieleza kwa upole. Msichana ana mimba. Ameulizwa peke yake, na amesema ameridhika, hataki kurudi.

"Kwa kweli, mama," yule kijana akaniambia, akidhani ananifariji, "aliongea vizuri sana. Hakuogopa. Alinitazama usoni, akataja jina lake, akasema anachotaka kusema."

Nilimshukuru. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za ile ofisi, watu wakinipita, wengine wakiniamkia.

Sitawaelezea sana miezi iliyofuata. Niliendesha duara kama mtu anayesoma maandishi ya mtu mwingine. Karatasi ya manila niliitoa ukutani siku ambayo hakukuwa na mtu. Mama Tarmo hakunilaumu, na hakunifariji pia. Nilipomwambia, "Ungenishika mkono ukanivuta," alinijibu, "Nilikuambia utoke nje. Wewe ndiye mwalimu." Ilikuwa kweli, na hakuirudia tena.

Siku moja, baada ya klabu, aliniwekea ungo wa maharage mapajani. Akasema, "Chagua." Nikachagua. Akamwita msichana mmoja aje anisaidie, kisha yeye akaingia jikoni. Tukachagua maharage mimi na yule mtoto, robo saa nzima, bila neno. Nilikuwa nataka kumuuliza maswali, ulimi ukiniwasha. Nikajizuia. Ndipo yule mtoto, macho yakiwa kwenye ungo, akasema, "Mwalimu, baba yangu wa kambo ananifungia nje." Alisema hivyo tu, kama anayesema kuna jiwe kwenye maharage.

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kuanzia hapo, na hiyo ndiyo ninayotaka muichukue kwangu, kuliko mazoezi yote. Mpe mtoto kitu cha kufanya kwa mikono: achague maharage, apukuchue mahindi, akunje viti. Kaa naye ubavu kwa ubavu, msielekeane. Usimuulize "una tatizo gani?", maana hilo ni swali la hospitali. Muulize njia aliyopita asubuhi, ng'ombe wao wanakunywa wapi maji, nani alibaki nyumbani. Akinyamaza, nyamaza naye mpaka kimya kikome chenyewe. Akikuambia jambo, usirukie dawa. Muulize, "Ungependa mimi nifanye nini?" Mara nyingi ameshafikiria. Na akikuomba dakika moja, usimpe Jumamosi ijayo. Mpe hiyo hiyo, hata kama mgeni rasmi amesimama mlangoni na kamera.

Nendeni majumbani pia. Kunyweni chai ya watu. Sisi tulikuwa tunamjenga msichana ujasiri Jumamosi, tunamrudisha Jumapili kwenye nyumba ambayo hatujawahi kukanyaga, halafu tunashangaa kwa nini hautumii. Mtoto hawezi kusimama peke yake mbele ya baba, wajomba na ukoo mzima kwa sababu tu alijifunza kutamka jina lake kwa sauti. Anahitaji mtu mzima aliyekaa kwenye kochi la sebuleni kwao.

Kwa njia hiyo wako watoto waliosaidika. Yule aliyekuwa akifungiwa nje alihamia kwa shangazi yake na alimaliza shule. Nawaambia hilo ili msikate tamaa. Kwangu mimi hesabu haikusawazika. Mtoto mmoja aliyepona hajazi nafasi ya mwenzake.

Sasa nifikie mwisho, ambao siku ile Nangara sikuwaambia.

Miaka miwili iliyopita Mama Emiliana alifariki. Nilikuwa nimeshastaafu. Nilijifunga kitenge, nikaenda Mutuka msibani. Kulikuwa na watu wengi, turubai limefungwa uani, wanaume wamekaa upande wao, wanawake wako nyuma ya nyumba wakipika. Nikaingia nyuma, nikapewa kisu na beseni la viazi. Nikamenya. Baada ya muda mwanamke mmoja akaja akavuta gogo akakaa kando yangu, ubavuni, akachukua kisu na yeye. Alikuwa amefunga kilemba cheusi. Uso ulikuwa umekomaa kuliko umri. Sikumtambua mpaka aliposema.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," nikaitikia, na mkono wangu ukasimama. "Emiliana."

"Ndiyo."

"Pole kwa mama."

"Ahsante. Aliugua muda mrefu." Akakata kiazi, akakitupa kwenye maji. "Umezeeka, mwalimu." Alisema kwa upole, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Nimezeeka."

Tukamenya. Aliniambia ana watoto watatu, wa kwanza msichana, yuko darasa la sita. Mume bado yuko, analima, hampigi. Alisema hivyo, "hanipigi," bila kuulizwa, kama anayenipunguzia mzigo. Nilikuwa nimebeba swali kwa miaka mingi na sasa niliogopa kulitoa. Nikalitoa.

"Emiliana, siku ile ya wageni. Ulitaka kuniambia nini?"

Alimaliza kwanza kiazi alichoshika.

"Nilitaka uje nyumbani," akasema. "Basi. Baba alikuwa anakuheshimu. Tangu mlipoongea habari za alizeti, kila mara alikuwa akisema yule mama wa Singida ana adabu. Nilitaka uje, ukae, unywe chai, halafu umuulize mbele ya mjomba nitaingia lini kidato cha tatu. Kama vile hujui kitu. Hukutakiwa kusema mengine. Baba angeona aibu kukujibu tofauti."

Alikuwa mtoto wa kidato cha pili, na alikuwa amepanga jambo ambalo mimi na vitabu vyangu vyote tusingeweza kulipanga: asimwaibishe baba yake, asimtaje mtu vibaya, asiwagombanishe wazazi wake, na abaki shuleni. Alihitaji mtu mmoja tu wa kunywa kikombe cha chai.

"Mbona hukuandika?" nikauliza, na nikajichukia nilipokuwa nauliza.

"Ningeandika, ungesoma jioni. Sisi tulikuwa tunaondoka kesho yake alfajiri. Na yale maneno nilikuwa nimeyazoea mdomoni. Nilifanya mazoezi njia nzima, kutoka hapa mpaka mjini. Kuyaandika sikujua."

"Nisamehe, mwanangu."

Aliendelea kumenya. Kutoka mbele ya nyumba ilisikika sauti ya katekista akianza sala, na wanawake wengine wakainamisha vichwa. Yeye hakuinamisha. Akasema polepole, akitafuta maneno.

"Sijawahi kukuchukia, mwalimu. Ulikuwa na watu wengi. Mimi nilidhani ndivyo ilivyo, mtu akiomba anaambiwa asubiri zamu yake, na zamu ikifika maneno yameshapitwa. Kwa hiyo niliacha. Tangu siku ile sijawahi kumwomba mtu kitu. Hata uchungu wa mimba ya kwanza ulipokuja, mume wangu alikuwa shambani, majirani walikuwepo pale pale, nawasikia wanatwanga. Sikumwita mtu."

Nikachukua kiazi kingine.

"Huyo wa darasa la sita ni wa pili," akasema. "Wa kwanza hakuishi."

Mtu akamwita kutoka jikoni, sufuria ya wali imeiva na hakuna wa kusaidia kuiepua. Emiliana akanawa mikono kwenye beseni, akaikausha kwa kanga, akaninyanyulia gogo lake akaliweka karibu na mguu wangu niegemee, maana alishaona magoti yananisumbua. Kisha akaenda. Nikabaki na kisu na viazi, nikaendelea kumenya, kwa sababu watu walikuwa wengi na walitakiwa kula.